Wanajiunga, wanaapishwa, kisha wanapotea: niifanyeje klabu yetu?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikijua kwamba barua nyingi unazopata ni za ndoa na mapenzi, na huenda hili langu utaliona dogo. Kwangu si dogo. Tangu nilipoombwa kuwa rais wa klabu yetu kuanzia Julai, usingizi siupati.

Yetu ni klabu ya huduma kwa jamii, mojawapo ya zile zenye makao makuu ng'ambo na matawi dunia nzima. Tunapima watu macho, tunakarabati madarasa, tunahamasisha uchangiaji damu. Nilipojiunga tulikuwa wanachama 38. Leo daftarini tupo 24, ila siku ya kikao kizuri mnakuwa 14. Na katika hao 24, saba hawajakanyaga kikaoni kwa zaidi ya mwaka.

Kinachoniumiza ni kwamba watu wanakuja. Kila mwaka tunaapisha watano au sita. Tunawabandika beji, makofi yanapigwa, picha zinapigwa. Mwaka haujaisha, wengi wao hawaonekani tena. Nikiwapigia simu jibu ni moja: "Dada, shughuli zimenizidi." Hata rafiki yangu wa karibu, niliyemwalika mwenyewe, alinijibu hivyo hivyo. Baadaye nikasikia kwamba kila Jumamosi anajitolea kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu. Kumbe muda anao! Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa za juujuu.

Halafu yupo Mzee wetu, mmoja wa waasisi. Ndiye aliyenialika, ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya watu nikazungumza, na nilipofiwa na baba yangu alisimama nami kama mzazi. Kwake dawa ni moja: kila mwanachama alete mtu mmoja. Na majina ya wale saba hataki yaguswe, kwa sababu tukishuka chini ya 20, anasema, wilaya, yaani uongozi wa mtandao wetu unaosimamia klabu za eneo hili, itatuhesabu kama klabu iliyokufa. Ada ya makao makuu tunatozwa mara mbili kwa mwaka kwa kuhesabu vichwa, kwa hiyo ya hao saba mweka hazina huitoa kwenye michango ya vikaoni na zile faini za utani tunazotozana humo. Nikiwa rais, orodha hiyo itapita mkononi mwangu. Mzee anaona tunalinda klabu. Mimi naona tunadanganya.

Wengine hawana hata wasiwasi. Mwanachama mmoja wa siku nyingi, kila mtu akiondoka, husema "kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi," kwamba aliyetoka alikuwa mzigo tu. Nilipopendekeza tukutane mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, niliambiwa nataka kuizika klabu. Kikao chenyewe ni taarifa, faini, mgeni wa kuzungumza, matangazo, basi, muda umekwisha.

Vijana waliotutoka nao wamenifuata. Wako tisa, wanataka tuanzishe klabu yetu mpya, mimi niwe rais mwanzilishi.

Mimi sasa ni katibu, na kamati ya uanachama ni mimi. Siku ya kambi ya macho, orodha ya wagonjwa ninayo mimi, usafiri ni mimi, dawa ni mimi. Nyumbani wameanza kulalamika kwamba hawanioni. Shangazi, niupokee urais? Niyafute majina yale nimvunje moyo mtu aliyenilea? Au niondoke na vijana?

Ni mimi,
Katibu Aliyechoka


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Jambo lako si dogo hata kidogo. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya macho ya watu asiowajua na madarasa ambayo watoto wake hawasomi humo, huyo ana jambo zito. Umeniuliza maswali matatu, nami nitayagusa yote. Ila nikiisoma barua yako tena na tena nasikia swali la nne ambalo hukuliandika: je, nikisema ukweli ndani ya klabu iliyonilea, nitabaki na nafasi humo?

Kwanza nikuondolee aibu. Paul Harris, wakili wa Chicago, alianzisha Rotary, mmoja wa mitandao hiyo ya klabu za huduma, mwaka 1905 na wenzake watatu, wakawa wanakutana kwa zamu katika ofisi za kila mmoja wao. Leo Rotary ina wanachama takriban milioni 1.2, na kwa zaidi ya miaka 20 idadi hiyo imekuwa ikizunguka palepale, ingawa kila mwaka maelfu kwa maelfu wanaapishwa. Wanaoingia karibu wanalingana na wanaotoka. Hao wana wataalamu na vitabu vya mafunzo, na bado tatizo lao ndilo lako. Kwa hiyo usijilaumu kana kwamba ni klabu yenu pekee iliyoshindwa kukaa na watu.

Huyo mwenzenu wa methali ningependa umsikilize kwa makini, maana wengi wanawaza kama yeye bila kusema. Methali yake inafaa pale kinachotoka kinapokuwa mzigo. Lakini katika klabu mwanachama ndiye mchukuzi. Akitoka, mzigo haupungui, unahamia kwenye mabega ya waliobaki. Tazama mabega yako wewe.

Sasa rafiki yako. Umehitimisha kwamba kwa kuwa muda anao, basi alikudanganya. Huenda. Lakini "shughuli zimenizidi" ni neno la adabu, mwanangu. Ni wachache watakaokutazama usoni, wewe uliyewaalika kwa moyo mweupe, wakuambie, "Nilikaa miezi mitano hakuna aliyenipa la kufanya." Pale kituoni, Jumamosi asipofika, kuna mtoto atakayemuulizia. Kwenye kikao chenu asipofika, nani anajua? Namtaja huyu mmoja kwa niaba ya wote waliowatoka.

Ningekuwa karibu nawe ningekusihi uende kwake, ila si kwa kumrudisha. Swali la "kwa nini uliondoka?" huleta visingizio, kwa sababu linamweka mtu kizimbani. Muulize ni siku gani alianza kuhisi kwamba akiwepo au asipokuwepo ni sawa tu, kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho. Hatari ya swali hilo ni kwamba huenda jibu likakuhusu wewe. Kama moyo haujawa tayari kwa hilo, subiri kidogo.

Nasema huenda likakuhusu kwa sababu ya mistari ile ya mwisho wa barua yako. Katibu ni wewe, kamati ni wewe, orodha, usafiri na dawa ni wewe. Nakuheshimu sana kwa bidii hiyo. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mtu mpya, tuseme muuguzi au mhasibu, aliyeapishwa wiki iliyopita na damu inamchemka. Anauliza, "Nifanye nini?" Anajibiwa, "Njoo Alhamisi." Anakuja Alhamisi, anasikiliza taarifa, anapigwa faini, anarudi nyumbani. Anakuja tena. Baada ya miezi michache anagundua kwamba kambi ya macho ikifika, kila kazi imeshapata mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja. Hakuna aliyemfukuza. Hakuhitajika tu.

Ukitaka kujaribu jambo katika hilo, jaribu kwa mtu mmoja kwanza. Kabla hajaapishwa, aje kwenye kazi yenu ya mikono, aone. Mwambie gharama zote bila kuficha: ada, michango, na hizo faini. Hapa niseme kitu ambacho watu hukionea haya. Faini za kikaoni huchekesha mwenye nacho. Anayehesabu nauli ya kurudi hucheka kwa meno tu, na siku moja anaacha kuja, na hatakuambia kamwe kwamba sababu ilikuwa pesa. Akishaapishwa, mpe mlezi asiye wewe na asiye aliyemwalika, ili ajuane na mtu wa pili. Kisha umkabidhi kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano orodha ya wagonjwa ya kambi ijayo. Ijue hatari yake pia: pengine hataifanya vizuri kama wewe. Majina yatarukwa, foleni itavurugika, na mkono utakuwasha uinyakue kazi yako. Je, utaweza kumwacha ajifunze?

Mzee wenu anasema kila mmoja alete mmoja, na sitaki tumpuuze. Ni kweli kwamba watu wengi hawajiungi kwa kusoma tangazo, hujiunga kwa sababu mtu wanayemheshimu aliwaambia, "Njoo." Hata wewe ulikuja hivyo. Wasiwasi wangu ni kwamba wapya hao wataletwa kwenye chumba kilekile kilichowashinda wa kabla yao. Na kuna jingine: tukiambiwa tulete mtu, huleta anayefanana nasi kwa umri, kwa kazi, kwa mfuko. Kwa miongo mingi vilabu hivi viliwaalika wanaume peke yao. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi dhidi ya Rotary katika kesi iliyotokana na klabu ya Duarte, California, iliyokuwa imewapokea wanawake, na mwaka 1989 Rotary ikabadilisha katiba yake. Lions, mtandao mwingine wa aina hiyo, walifungua mlango wao mwaka huohuo wa 1987. Leo wewe, Dada Katibu, unaombwa urais. Basi nawe ukikaa na kamati yako, ulizaneni ni nani katika mji wenu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia "njoo."

Kuhusu vikao vya kila wiki. Hukutaja klabu yenu ni ya mtandao upi, lakini kama ni Rotary, tangu mwaka 2016 klabu zina uhuru wa kupanga ratiba yao mradi wakutane walau mara mbili kwa mwezi, na kazi ya huduma inaweza kuhesabiwa kuwa kikao. Kwa hiyo pendekezo lako si uasi. Hata hivyo nikuulize: kama kikao hakina ladha, kukipunguza kutakipa ladha? Na umewahi kufikiria kwamba kwa wazee wenu huenda kikao hicho ndicho kinachowashikilia? Mtu aliyestaafu, aliyefiwa na mwenzi wake, ana saa moja katika juma zima ambayo jina lake linaitwa na watu wanacheka naye. Ukimwambia utakata nusu, hasikii habari za ratiba, anasikia kwamba anaondolewa watu wake. Baadhi ya klabu huweka vikao viwili rasmi, cha tatu kinakuwa kazini, na cha nne ni cha kukutana tu kwa anayetaka. Ni njia mojawapo. Nayo ina hatari yake, kwamba wazee watajikusanya upande mmoja na vijana upande mwingine, mkawa klabu mbili zenye jina moja.

Nije kwenye majina saba, maana hapo ndipo dhamiri yako inapochomwa, nami sitakuamrisha. Ukiyaacha, utapeleka orodha ambayo moyoni unajua haisemi kweli, na fedha ambazo watu walizitoa wakidhani zinakwenda kwenye miwani ya wagonjwa zitalipia viti vitupu. Je, wanachama wote wanajua hivyo? Kama hawajui, hilo nalo ni jambo la kulileta mezani kabla ya yote. Ukiyafuta kwa mkupuo, mtabaki 17, baadhi watavunjika moyo, na Mzee atahisi umemvua nguo hadharani. Kuhusu hofu yake ya 20, katika Rotary na Lions hiyo ni idadi ya kuanzisha klabu mpya. Klabu iliyokwisha kusimama haifungwi kwa kuwa tu imeshuka chini ya hapo. Waulizeni wa wilaya yenu waziwazi. Wilaya isiyoijua hali yenu haiwezi kuwasaidia.

Katikati ya njia hizo mbili naiona nyingine, ingawa ina kazi. Hao saba ni watu. Kuna aliyeugua, kuna aliyehama, kuna mwenye deni la ada anayeona haya kuonyesha uso. Kila mmoja apigiwe simu na anayemfahamu kuliko wote, kabla ya hesabu ya vichwa ijayo, aulizwe anataka nini. Atakayesema "nipo" mtajua awekwe wapi. Atakayesema "niacheni" atakuwa amejiondoa mwenyewe. Na pengine wa kupiga baadhi ya simu hizo ni Mzee. Wewe umedhani anaogopa wilaya. Mimi najiuliza kama hao saba hawakuwa rafiki zake, aliowaalika na kuwaapisha kwa mkono wake, na kuyafuta majina yao ni kukiri kwamba wameshaondoka. Labda nakosea, wewe unamjua.

Vijana tisa wananivutia, sikufichi. Watu waliokatishwa tamaa na klabu na bado wanataka kuhudumia ni hazina. Kuanzisha klabu kamili katika Rotary au Lions kutawadai wafike 20, lakini Rotary ina utaratibu wa klabu tanzu inayoanza na watu wanane chini ya klabu mama, wakiwa na saa zao na miradi yao. Huko ungeweza kuwa nao bila kuuacha upande wa Mzee. Ila kabla hujawaitikia, waulize nani kati yao atakuwa katibu, nani ataweka hazina, nani atapiga simu za wagonjwa. Manung'uniko ya pamoja huwaleta watu pamoja haraka, lakini mwezi wa nne yanakwisha, na hapo ndipo kazi inamtafuta mwenyewe. Kama jibu la kila swali ni "wewe, Dada," utakuwa umehama na uchovu wako uleule. Na ukiondoka na tisa, wale 14 watabaki na nini? Huenda watazinduka. Huenda watafunga.

Urais wenyewe ni wa mwaka mmoja, na mwaka wa klabu hupita upesi. Anayetaka kubadili vikao, faini, orodha, ualikaji na miradi kwa pamoja hufika Juni akiwa na majeraha tu. Ukiupokea, chagua jambo moja unalotaka liwe tofauti utakapokabidhi, na ukatibu na kamati ya uanachama uvikabidhi siku ileile, si "tutaona." Unaweza kuliweka hilo kama sharti. Ukiukataa, hujamsaliti mtu. Kuna mtu atakayesimama, au klabu italazimika kujiuliza kwa nini hakuna.

Mzee zungumza naye kabla ya kumjibu yeyote. Usimwendee kikaoni, wala usiende na orodha mkononi. Mwombe akusimulie mwaka wao wa kwanza: walikuwa wangapi, nani aliacha, waliobaki walibakizwa na nini. Waasisi wanayajua mambo haya kuliko vitabu, hawaulizwi tu. Akishamaliza, mwambie ukweli wako wote, kwamba unampenda, kwamba unaogopa kupeleka orodha ile, na kwamba umechoka. Huenda akaumia. Mtu aliyesimama nawe kwenye msiba, hata hivyo, anastahili kuusikia uchovu wako kutoka kinywani mwako, asiusikie kwa vijana.

Na watu wa nyumbani kwako, kaa nao jioni moja uwaulize saa ngapi kwa juma wanaweza kukuachia bila kinyongo. Ziandike hizo saa, kisha weka kando yake kazi zote ulizonitajia. Zitakazozidi, andika mbele ya kila moja jina la mwanachama mwingine, hata kama huna uhakika naye, na wiki hii umpigie wa kwanza.

Wako,
Shangazi